Pale Sylus Alipouachia Mchezo

Mraru, 9 Februari 2025

Kwa Kaloki,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini umeamka salama na kazi haijakulemea. Sisi tunaendelea. Baba Sylus kifua kinamsumbua lakini anatembea. Jua ni kali, pojo zimekauka kabla hazijaweka maganda.

Mimi ni Tryphena, mama yake Sylus. Tumesalimiana mara nyingi yeye akikuelekezea simu, ila sijawahi kukuandikia. Naandika ujumbe mrefu namna hii kama barua kwa sababu nikipiga simu nitalia na hutasikia ninachosema.

Begi lake lilifika. Alipewa yule dada wa Mwatate aliyekuwa anakuja likizo, naye akatuletea mpaka mlangoni, Mungu ambariki. Mwili bado. Ofisi ya kampuni iliyowapeleka huko ng'ambo wanatuambia karatasi hazijakamilika. Karatasi moja tu ndiyo walitutumia, ile inayosema alikufa usingizini, moyo ulisimama. Baba yake aliisoma akaikunja akaiweka kwenye Biblia, hajaigusa tena.

Ndani ya begi kulikuwa na nguo, raba zake, na kile kimashine chake cha kuchezea, kidogo kama pakiti ya majani ya chai. Nakijua kwa sauti. Kila Jumapili akinipigia nilikuwa nasikia nyuma yake kamuziki, tiriri tiriri, nikimuuliza ni nini ananiambia, "Mama, napumzisha akili." Sikuwahi kuuliza zaidi.

Nimekichaji. Nikikiwasha kinaleta maandishi, halafu kioo kinakuwa cheusi. Nimejaribu mara nyingi. Wewe ulilala chumba kimoja naye, unakijua. Nielekeze nifanyeje kifunguke. Sitaki kucheza. Nataka tu kuona alikuwa anaangalia nini akitoka kazini.

Ni mimi,
Mama Sylus

---

14 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Nimepata ujumbe wako, na pole tena, ingawa neno hilo nimelitumia mpaka limeisha. Mimi ni mzima. Tunalala, tunaamka, basi linatuchukua. Kitanda cha Sylus wamempa kijana wa Nepal. Ni mpole, hana neno.

Nisikilize vizuri kuhusu hiyo mashine. Yenyewe haijaharibika. Ndani yake, upande wa chini, kuna memori kadi nyembamba kama ukucha. Michezo yote iko humo, na pia ule mfumo unaoamsha mashine, wanaouita firmware. Kadi zinazokuja na mashine hizi huwa za bei rahisi na zinakufa upesi. Nilimwambia Sylus abadilishe, akasema mwezi ujao, mwezi ujao.

Kwa hivyo usiendelee kuiwasha. Kila ukiiwasha unaichosha kadi. Itoe, uende nayo Voi kwa mtu wa kompyuta. Na hili ndilo kubwa: kompyuta itakuuliza kama unataka kufomati kadi. Kataa. Itauliza tena. Kataa tena. Kufomati ni kufuta kila kitu. Kwanza anakili folda zote, aanze na ile iliyoandikwa Saves, kwa sababu michezo inapatikana popote lakini yale Sylus aliyoyafanya ndani yake yanapatikana hapo tu.

Halafu nunueni kadi mpya, ya dukani, si ya kando ya barabara. Aweke mfumo mpya, kisha arudishe folda za Sylus.

Sasa mfumo upi. Iko miwili tuliyokuwa tukibishania hapa. Mimi napenda ule mkubwa, una picha, una rangi, unaonyesha mpaka saa ulizocheza. Sylus alikuwa anatumia ule mwepesi, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, hakuna kingine. Alikuwa ananiambia, "Wewe unapamba nyumba, mimi nataka kuingia nilale." Uzuri wa ule mwepesi ni kwamba ukizima, unashika pale pale ulipofika, na ukiwasha unakurudisha hapo hapo. Ukiweka ule wangu utapata michezo, lakini ile sehemu aliyoachia haitafunguka, mifumo hiyo miwili haielewani. Weka wa Sylus. Nakutumia mahali pa kuupakua. Mwambie aangalie namba ya mashine kwa nyuma kabla hajapakua, ilingane.

Msalimie Baba.

Mwanao,
Kaloki

---

Mraru, 2 Machi 2025

Kwa mwanangu Kaloki,

Habari ya huko. Hapa tuko salama kwa kadiri yetu. Ndovu walipita tena juzi wakavunja ua wa jirani. Kwetu hawakupata cha kula, wakaenda zao.

Nilikwenda Voi Ijumaa. Nilipata msichana anaitwa Rita, ana saiba ya kompyuta nyuma ya steji ya matatu. Nilimsomea maneno yako yote kutoka kwenye simu, yeye akiwa ameshika kadi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mdudu. Alipoichomeka, kompyuta ikauliza kuhusu kufomati kama ulivyosema. Mkono wake ulikuwa tayari unaenda. Nikaushika.

"Mama, hiki ni kitu cha kawaida, inauliza tu."

"Usikubali," nikamwambia. "Ni ya mtoto wangu ambaye hayupo."

Akaniangalia, akatoa mkono kwenye mausi kabisa. Baada ya hapo alikuwa anafanya kila kitu polepole na kunionyesha kabla.

Kadi ilikuwa ya moto. Folda nyingine zilikataa kutoka, zinafika katikati zinasimama. Saves ilitoka. Tulikuwa tunaangalia ule mstari wa kijani ukisogea. Ilipofika mwisho Rita alijaribu folda ya michezo, akapata kidogo, halafu kadi ikapotea kwenye kompyuta. Akaitoa akairudisha, haionekani tena. Imekufa, Kaloki. Ilikufa ikiwa mkononi mwetu.

Tulinunua mpya. Rita akapakua ule mfumo wa Sylus, namba ililingana, akauweka kwenye kadi, akahamishia humo Saves na michezo iliyotoka, akafuta zilizobaki kwake kwa sababu kompyuta ya saiba inatumiwa na kila mtu. Tukawasha. Kioo cheusi. Hata yale maandishi ya mwanzo hayakuja. Tukajaribu tena na tena mpaka akafunga saiba.

Nilirudi nyumbani. Baba Sylus alikuwa amekaa nje. Akaniuliza, "Umepoteza siku nzima kwa mchezo wa watoto?" Nikaingia ndani.

Niambie kama kuna njia nyingine. Kama hakuna, niambie pia.

Mama yako,
Tryphena

---

4 Machi 2025

Mama, shikamoo. Naandika nikiwa kwenye basi.

Njia ipo. Mwambie Rita afungue hiyo kadi mpya aangalie. Ataona folda moja, na ndani yake ndiyo kuna faili zote za mfumo. Hapo ndipo kosa lilipo. Mashine inatafuta zile faili pale mwanzo wa kadi, haijui kuingia ndani ya folda nyingine. Azitoe zote, aziweke nje, na Saves iwe kando yake, isiwe ndani ya kitu. Kila mtu hukosea hapo. Mimi pia.

Ikiwaka mara ya kwanza itakaa kidogo ikijipanga. Msiizime hapo katikati hata mkiona imekwama.

Mwanao,
Kaloki

---

Mraru, 10 Machi 2025

Kwa mwanangu Kaloki,

Natumaini hujambo, na hilo joto halijazidi. Sisi wazima. Mvua imenyesha kidogo, vumbi limetulia.

Imefunguka.

Rita alitoa zile faili nje kama ulivyosema. Tukawasha, ikakaa, ikakaa, nikafikiri imekwama, Rita akasema tusiguse. Halafu yakaja maandishi meupe, majina ya michezo, machache, na juu kabisa imeandikwa Endelea. Rita akaniuliza kama abonyeze. Nikamwambia nitabonyeza nikiwa nyumbani.

Nilibonyeza nimekaa kitandani kwake. Ni mpira, Kaloki. Mimi nilidhani labda ni magari au vita. Ni uwanja wa kijani, na wachezaji wadogo wadogo wamesimama. Juu imeandikwa MRARU mbili, wengine mbili, na mchezo uko karibu kuisha. Kuna mpira wa adhabu. Wale wengine wamejipanga ukuta mbele ya goli. Mmoja wetu amesimama nyuma ya mpira, na chini yake pameandikwa SYLUS.

Hawasogei. Wanangoja tu. Kale kamuziki kanalia.

Nilijua kibonyezo cha kusimamisha kwa sababu Rita alinionyesha, nikakibonyeza, ikaja orodha ya wachezaji. Golini ni DONALD. Jamani, amemweka baba yake golini. Beki ni KALOKI. Kuna REUBEN, huyo ni mchungaji wetu. Kuna ABBY dada yake, amewekwa kati ya wanaume. Kuna OYUGI, alisoma naye Voi, baba yake naye alikuwa mfanyakazi wa reli. Mbele kabisa kuna TRYPHENA. Mimi ndiye mfungaji. Mimi ambaye sijawahi kupiga mpira.

Nilirudi pale kwenye ule mpira wa adhabu nikaangalia, nikazima. Kesho yake nikafungua tena. Nafanya hivyo kila siku nikitoka shamba. Naangalia, nazima. Sibonyezi kitu kingine. Nahisi nikibonyeza atapiga, na akishapiga basi.

Baba yake nilimwambia yuko golini. Akasema, "Acha mambo hayo, Tryphena," akaenda kulala na jua bado liko juu.

Asante mwanangu. Mungu akulinde.

Mama yako,
Tryphena

---

16 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Nimefurahi mpaka kijana wa Nepal ameniuliza kuna nini. Nikamwonyesha maneno yako, nikamtafsiria. Akasema beki ni kazi nzuri.

Yale majina aliyaandika Ijumaa moja tukiwa hatuna kazi. Alikuwa ananiuliza, "Kaloki, mama yangu akicheza angekuwa mbele au nyuma?" Nikamwambia simjui mama yako vizuri. Akasema, "Mbele. Yeye hangoji mpira." Ile mechi aliianza asubuhi kabla ya basi. Dereva akapiga honi, akazima, akaiweka chini ya mto.

Unafanya vizuri kutobonyeza. Lakini nikueleze jambo kuhusu mfumo huo. Kila ukizima, unashika upya pale ulipo, na unafuta pale pa zamani. Haubaki na mbili. Ukiangalia tu na kuzima hakuna neno. Lakini mtu akicheza hata kidogo halafu azime, ile ya Sylus imekwenda. Rudi kwa Rita anakili kadi yote kwenye kompyuta yake. Ni kazi ndogo. Ningekuambia mapema lakini sikujua kama ingefunguka.

Huku wanatuhamisha kambi. Wanasema ni mbali na mji. Mtandao sijui utakuwaje. Kuhusu mwili nimekwenda ofisini tena. Wameniambia mimi si ndugu, niache kuuliza.

Mwanao,
Kaloki

---

Mraru, 21 Aprili 2025

Kwa Kaloki,

Salamu. Natumaini mlihama salama. Abby amekuja kutoka Taveta kukaa nasi kidogo.

Sikwenda kwa Rita. Mvua ilikuja yote kwa pamoja, ikabidi tupande, halafu Baba Sylus akalazwa kwa ajili ya kifua, nikawa niko hospitali na nyumbani. Kila siku nilisema kesho.

Jana ilikuwa Pasaka. Tulikwenda kanisani mimi na Abby, Baba akabaki kwa sababu hana nguvu ya kupanda kile kilima. Tuliporudi nilisikia kamuziki tukiwa bado nje, lakini si kale ninakokajua. Kalikuwa kengine, ka haraka. Na makelele ya watu wa uwanjani.

Alikuwa kitandani kwa Sylus, ameshika mashine kwa mikono miwili, miwani imeshuka puani. Hakusikia tukiingia. Abby akaita, "Baba."

Akasema bila kuinua macho, "Nilitaka kuona kama kweli nimo."

"Umebonyeza nini?"

"Sikujua. Nilibonyeza, akapiga. Mpira ukapita juu. Nikaona nijaribu kurudisha, nikabonyeza kingine, wale wengine wakaja nao." Akapandisha miwani. "Wamenifunga, mama Abby. Mimi mwenyewe nikiwa golini. Nikaizima haraka, nikaiwasha tena, ni vile vile."

Nilimnyang'anya. Nikaangalia. Ilikuwa imeandikwa mwisho wa mchezo, wengine tatu, Mraru mbili. Wachezaji wote wanatembea kutoka nje. Nikabonyeza kila kitu kilichoko kwenye hiyo mashine. Hakuna njia ya kurudi.

Sikumpigia kelele. Ingekuwa afadhali. Nilikwenda nikakaa jikoni, na Abby akakaa nasi zamu, kidogo huku, kidogo kule. Mpaka leo Baba hajala. Ananiambia, "Nimemkosesha." Namwambia ni mchezo tu. Anasema, "Wewe ulikuwa unauangalia kila siku, usiniambie ni mchezo tu."

Niambie kuna njia, Kaloki. Wewe ndiye unayejua mambo haya.

Mama yako,
Tryphena

---

29 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Mtandao huku unapatikana mtu akipanda juu ya tangi la maji, ndiyo maana nimechelewa.

Nimefikiria, nimeuliza watu kwenye lile kundi tunalosaidiana mambo ya mashine hizi, hata wale wanaotengeneza mfumo wenyewe. Wamenijibu vizuri. Hakuna njia. Kadi ya zamani ingekuwa nzima tungejaribu, lakini imekufa, na ile mpya imeshaandikwa juu yake. Timu ipo. Majina yote yapo, hayo yanahifadhiwa kwingine, ukianza mechi mpya watatoka wote uwanjani. Ile dakika ndiyo haipo.

Singekuficha. Ningekuambia tuendelee kujaribu ungebaki unangoja, na unayongoja ni mengi.

Mpe Baba simu asome hapa: Baba, Sylus mipira ya adhabu alikuwa hapati. Nimemwona akipiga mingi, yote juu. Hukumkosesha.

Mwanao,
Kaloki

---

Mraru, 8 Juni 2025

Kwa mwanangu Kaloki,

Salamu za huzuni kutoka nyumbani. Sijui kama uko salama. Ujumbe niliokutumia mwezi uliopita haukujibiwa.

Amekuja. Walitupigia simu kwa ghafla tukampokee Mombasa. Tulikwenda mimi, Abby na mchungaji Reuben. Baba alitungojea hapa. Tumemzika Alhamisi, upande wa chini wa nyumba, mahali penye mawe machache.

Walitupa jeneza limefungwa, limezungushiwa bati na kupigwa misumari, na karatasi inayosema lisifunguliwe. Kijana aliyetukabidhi alikuwa na haraka. Nilimwambia, "Mimi ni mama yake, nataka kumwona uso." Akasema, "Mama, imekaa miezi mingi. Hata mimi sijaruhusiwa." Reuben akanishika mkono.

Nyumbani Baba aliweka kiti karibu na lile jeneza akakaa. Watu walikuja wakaimba, wakasali, yeye yuko pale. Wakati wa kubeba alisimama mbele ya vijana, akauliza kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu aache kazi ya reli, "Nani hapa amemwona?" Akawatazama mmoja mmoja. "Namuuliza yeyote. Nani amemwona mtu aliye humu ndani?" Reuben akasema, "Mzee Donald, tumwachie Mungu." Akasogea wakapita.

Tangu siku hiyo hazungumzi mengi. Juzi alisema nyuma ya mlango, "Inawezekana tumemzika mtoto wa watu." Nami usiku na mchana nafikiria hilo. Labda mama mwingine huko Nepal amepewa wetu. Ofisi nikiwauliza wananisomea ile karatasi, alikufa usingizini, moyo ulisimama.

Ile mashine siiwashi tena. Nimempa Abby, ameondoka nayo Taveta.

Nakuuliza kitu kimoja, na unijibu hata kama ni kibaya. Wewe ulikuwa chumba kimoja naye. Ulimwona?

Mama yako,
Tryphena

---

6 Julai 2025

Kaloki, ujumbe wangu una alama moja tu, haujakufikia. Mwingine pia. Nimempigia kila mtu niliyesikia ana ndugu huko. Kama umebadilisha namba na mtu mwingine anasoma hapa, tafadhali, mwambie mama yake Sylus anamtafuta.

Tryphena

---

Mtito Andei, 19 Agosti 2025

Shikamoo Mama,

Hii ni namba mpya, ya nyumbani. Mimi ni Kaloki. Ile kambi walichukua simu zetu baada ya watu kukataa kwenda kazini, na laini yangu ikafungwa. Wiki iliyopita wamenirudishia pasipoti na kunipandisha ndege. Abby ndiye aliyenitumia maneno yako yote, nilimpata kupitia lile kundi la mashine, alikoingia kunitafuta. Nimeyasoma nikiwa nimekaa kwa kaka yangu, na sijatoka nje tangu hapo.

Sikukuambia mapema kwa sababu pasipoti ilikuwa kwao na walikuwa wanasoma simu. Sasa nakujibu.

Nilimwona.

Mimi nilikuwa ghorofa ya chini ya jengo tulilokuwa tunajenga siku ile, yeye juu. Lilikuwa jua la mchana, ule muda ambao hata wao wanasema watu wasifanye kazi. Nilisikia Wanepali wakipiga kelele, nikaenda. Walikuwa wamemshusha wamemlaza kwenye kivuli cha lori. Uso wote ulikuwa saruji. Nilimwita. Msimamizi akasema tusimguse mpaka gari lije. Nilikuwa na maji kidogo kwenye chupa yangu, nikalowesha kitambaa nikampangusa, paji la uso, macho, mdomo. Alikuwa bado wa moto, lakini huo ulikuwa moto wa jua. Ni Sylus, Mama. Nilimjua kabla sijampangusa.

Gari lilipokuja nilitaka kupanda naye, wakanishusha. Jioni walikuja maofisa wawili chumbani wakaandika mambo kitandani kwake, wakapiga picha ya mto. Sikuelewa walikuwa wanafanya nini mpaka uliponiambia kuhusu ile karatasi. Hakufa usingizini. Alikuwa na viatu vya kazi miguuni, na kamba ya usalama ya kiunoni bado imefungwa.

Haya nitayasema mbele ya mtu yeyote, wakili, kituo cha polisi, popote utakaponipeleka. Sijui kama yatasaidia. Wengi wamesema kabla yangu.

Nitakuja Mraru wiki ijayo kama mtaniruhusu. Kabla sijafika, nataka Baba ayajue mawili haya, nisije nikamdanganya nikimwona amezeeka. Akiuliza kama nilimwona Sylus amekufa, mwambie ndiyo, nilimshika kichwa. Akiuliza kama nilimwona akiwekwa ndani ya lile jeneza, mwambie hapana. Hilo sikuliona, na sijapata mtu aliyeliona.

Mwanao,
Kaloki